Kweli au Uongo? Tunayoambiwa Kuhusu Nyimbo, Hadithi na Moyo wa Mtu

Umeyasikia haya. Umeyasikia kwenye basi la kwenda Sirari, kwenye kilabu cha pombe, kwa shangazi jikoni, na pengine umewahi kuyasema mwenyewe: kwamba Mkurya hana wimbo ila wa vita, kwamba mwanaume halii, kwamba hadithi ya mchana huotesha pembe, kwamba muziki ni lugha moja ya dunia nzima. Mengine ni ya huku kwetu mkoani Mara, kuanzia Nyakunguru na Nyamongo hadi Mugumu. Mengine yanasemwa kila mahali. Nimeyapima moja moja. Hukumu inatangulia, sababu zinafuata, na pale bibi zetu walipokuwa sahihi nitasema hivyo bila kusita.

Wakurya wakiongea wanagombana, na ngoma zao zote ni za vita

Uongo.

Sifa hii haikuzuka hewani. Koo za Tarime zimepigana kweli, ng'ombe wameporwa na kufuatiliwa kwa mishale, na Jeshi la Polisi likaamua kuwa na kanda maalum ya Tarime na Rorya. Lakini ugomvi wa mpaka ni jambo moja, na kudai kwamba kila Mkurya anayefungua mdomo ana hasira ni jambo jingine kabisa.

Tuanze na sauti. Kiswahili hakina toni. Kikurya kinayo, tena ya aina inayowavutia wanaisimu wa mbali. Katika kitenzi cha Kikurya, mahali sauti inapopandia, iwe mwanzoni mwa shina au hatua ya pili, ya tatu, hata ya nne, hukusaidia kujua kama jambo limeshafanyika, linafanyika au bado. Sikio lililozoea Kiswahili cha Tanga au Dodoma linasikia huko kupanda na kushuka, likadhani mtu kapandwa na hasira. Kumbe anamweleza jirani kwamba ameshapalilia mahindi.

Hasira yenyewe ina sauti yake, na haifichiki kirahisi. Mwaka 2010 mtafiti Disa Sauter na wenzake walichapisha jaribio walilofanya kwa Wahimba wa kaskazini mwa Namibia na kwa Waingereza. Waliwasikilizisha sauti zisizo na maneno: vicheko, miguno, vilio. Kila upande ulitambua hasira, woga, huzuni na karaha za upande wa pili, ingawa hawakuwa wanajuana kwa lolote. Maana yake, Mkurya akikasirika kweli utajua, hata kama hujui neno lake moja. Kinachokudanganya ni mazungumzo yake ya kawaida.

Sasa ngoma. Chombo kinachobeba moyo wa Mkurya ni litungu, wenyewe wakiliita iritungu: nyuzi nane, kisanduku cha mti kilichochongwa na kuwambwa ngozi, na sauti nzito ya chini ambayo mtu huihisi kifuani. Wachezaji huvaa ibirandi, viatu vya mbao vyenye soli nene zinazomwinua mtu kutoka ardhini. Ukiwa navyo huchezi kwa papara. Kila hatua inapimwa, na mguu ukishuka unasikika. Na kinachoimbwa? Sifa za mtu na ukoo wake, ng'ombe, ndoa zilizokwenda vizuri na zilizokwenda kombo, vijana wanaopotea, watu waliokufa. Vita vimo, ila ni chumba kimoja tu katika nyumba yenye vyumba vingi.

Malcolm Ruel, mwanaanthropolojia aliyeishi na Wakurya miaka ya 1950, alikusanya makala zake katika kitabu kilichotoka mwaka 1997. Alichokiona katikati ya mila zao ni juhudi ya kuulinda uhai: mtoto akue, ng'ombe azae, kaya isimame. Watu wa aina hiyo wana mengi ya kuimba.

Mwanaume halii

Uongo, na mila zenyewe ndizo zinazouumbua.

Vuka uingie Rorya, wilaya iliyomegwa kutoka Tarime mwaka 2007, ukakutane na Wajaluo kwenye msiba wa mzee. Kuna desturi yao iitwayo tero buru. Wanaume huswaga ng'ombe, wakashika mikuki na ngao, wakatoka mbio kuelekea mpakani au nyikani, wakipiga mayowe na kuimba, wakikifukuza kifo kijiji kizima kikiona. Halafu hurudi nyumbani kwa marehemu kwa kishindo kilekile. Mgeni atasema ni vita. Angalia nyuso zao. Wanalia, machozi yanachanganyika na vumbi na jasho, na hakuna anayemwambia mwenzake ajikaze, kwa sababu mahali pale na saa ile ameruhusiwa.

Hapo ndipo ninapopata jibu la maswali mengi kati ya haya. Uchungu wa mwanaume haukuondolewa na mila, ulitafutiwa mahali. Akikaa sebuleni analia peke yake, watu watamshangaa. Akilia huku ameshika mkuki nyuma ya ng'ombe wa marehemu, anaheshimiwa. Mpiga litungu, au nyatiti ya Wajaluo, anayemtaja rafiki yake aliyekufa naye amepewa ruhusa hiyohiyo: vidole vinalia kwa niaba yake, na wasikilizaji wanatazama chini.

Takwimu za nje nazo zinasaidia. Utafiti uliolinganisha nchi 37 na kuchapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba wanawake hulia mara nyingi zaidi ya wanaume kwa jumla, ila ukubwa wa pengo hubadilika kutoka nchi moja hadi nyingine. Kama kutolia kungekuwa maumbile tu ya kiume, pengo lingekuwa lilelile kote.

Wimbo wa huzuni humzidishia mtu huzuni

Uongo kwa watu wengi.

Watafiti Liila Taruffi na Stefan Koelsch waliwauliza watu 772 wa nchi mbalimbali wanahisi nini wakisikiliza muziki wa huzuni. Matokeo yalichapishwa mwaka 2014, na hisia iliyotajwa zaidi haikuwa huzuni bali ile hamu tamu ya kukumbuka yaliyopita. Unaijua: ni ile inayomfanya mtu mzima anyamaze ghafla wimbo wa Mbaraka Mwinshehe unapoanza redioni. Lakini mwenye sonona anayejifungia chumbani na wimbo uleule kutwa nzima ni habari nyingine. Huyo usimwachie redio. Mwendee.

Ukimtukana adui yako kwenye wimbo, hasira inakutoka

Uongo. Hili nalisema kwa mkazo kwa sababu linapendwa mno.

Mwanasaikolojia wa Marekani, Brad Bushman, alichapisha jaribio mwaka 2002. Watu waliochokozwa waliambiwa wapige mfuko wa mazoezi huku wakimfikiria aliyewaudhi. Badala ya kupoa, walitoka wakiwa na hasira zaidi, na wakawa wakali zaidi kuliko wenzao waliokaa tu kimya bila kufanya kitu. Hasira ukiichochea inawaka.

Wapenzi wa taarabu hawakuhitaji maabara kulijua hilo. Miaka ya 1990 Dar es Salaam ilishuhudia mashindano ya Khadija Kopa wa kundi la TOT na Nasma Khamis wa kundi la Muungano. Kila kijembe kilizaa kijembe. Watu walijaza kumbi wakisubiri jibu, na jibu lilikuja. Ilikuwa sanaa ya hali ya juu, na mimi naipenda, ila hakuna aliyetulia kwa sababu yake. Mipasho humpa mtu nafasi ya kusema asichoweza kusema mlangoni kwa jirani, na kuituza kwa noti ni kusema nawe umo. Hiyo ni kazi kubwa. Kupoza hasira si kazi yake.

Muziki ni lugha ya dunia nzima

Nusu kweli.

Nusu iliyo kweli inavutia. Mtafiti Thomas Fritz alipanda milima ya kaskazini mwa Kamerun kwa Wamafa, baadhi yao wakiwa hawajawahi kusikia muziki wa Ulaya, akawapigia vipande vya piano. Kwa matokeo aliyochapisha mwaka 2009, walitambua kipi ni cha furaha, kipi cha huzuni na kipi cha woga, kwa kiwango kinachozidi kubahatisha. Mwaka 2018 Samuel Mehr na wenzake waliwapa wasikilizaji wa nchi 60 vipande vifupi, vya sekunde 14 tu, vya nyimbo kutoka jamii 86 ndogondogo za dunia. Watu walitambua nyimbo za kucheza na za kubembelezea watoto, na kwa kiasi za kuponyea wagonjwa.

Sasa nusu ya pili: nyimbo za mapenzi ziliwashinda. Wimbo wa mapenzi wa watu wengine hauufahamu mpaka uambiwe. Na mwaka 2016 Josh McDermott alionyesha kwamba Watsimane wa msitu wa Bolivia hawaoni tofauti ya utamu kati ya sauti zinazopatana na zile ambazo sikio la Mzungu linazikataa. Kwao zote ni sawa. Kwa hiyo kelele za furaha na mwendo wa huzuni vinavuka mipaka. Utamu na maana vinafundishwa nyumbani. Mgeni akikaa kwenye litungu atajua kuna uzito. Hatajua kwamba jina lililotajwa ni la mtu aliyezikwa juzi.

Ukisimulia hadithi mchana utaota pembe

Pembe ni uongo. Kuhusu usiku, wazee walikuwa sahihi kabisa.

Sehemu nyingine wanasema utaota mkia, au mama yako atapatwa na baya. Hakuna aliyeota chochote, na hakuna haja ya kumtisha mtoto kwa kifo cha mama yake. Ila soma hili. Mtafiti Polly Wiessner alirekodi mazungumzo ya Waju/'hoansi wa jangwa la Kalahari, akatenganisha ya mchana na ya usiku kandokando ya moto. Matokeo yalitoka mwaka 2014. Mchana, asilimia 34 ya mazungumzo yalikuwa malalamiko, lawama na umbeya, asilimia 31 mambo ya riziki, na hadithi zilikuwa asilimia 6 tu. Usiku, hadithi zilikuwa asilimia 81.

Mchana watu walinung'unika: nani hakugawa nyama, nani mvivu. Jua lilipozama, watu walewale waliacha manung'uniko na kusafiri kwa maneno hadi kwa ndugu wa mbali, kwa waliokufa, kwa vituko vya ndoa, wakicheka na kusikitika pamoja.

Mwiko wa pembe ulikuwa uzio. Mchana kuna palizi, kuna ndama, kuna maji mtoni, na hadithi tamu ingemfanya mtoto asahau mbuzi shambani kwa watu. Usiku mikono imepumzika, sura hazionekani vizuri, na mtoto anaweza kuogopa zimwi bila kuonekana anaogopa. Bibi anauliza "Paukwa?", gizani wanajibu "Pakawa!", na kuanzia hapo kila mmoja ana ruhusa ya kutetemeka, kucheka hovyo, hata kutoa chozi kwa ajili ya sungura. Ruhusa tena. Aliyetunga uzio ule alijua watoto kuliko wengi wetu, ingawa njia yake ya kuwatisha siiungi mkono.

Mtoto mchanga haelewi wimbo, analala kwa uchovu

Uongo. Mwaka 2021 Constance Bainbridge na wenzake walichapisha jaribio la watoto wachanga wa Marekani waliosikilizishwa nyimbo za kubembeleza za jamii na lugha wasizozijua kabisa. Mapigo ya mioyo yao yalipungua kuliko waliposikia nyimbo za aina nyingine kutoka jamii hizohizo. Bibi yako anayebembeleza kwa Kikurya mjukuu aliyezaliwa Mwanza hakosei kitu. Aendelee.

Mwanamke akipiga nyatiti ataleta balaa

Uongo. Mjapani Eriko Mukoyama, maarufu kwa jina la Anyango, alikwenda Siaya kujifunza nyatiti kwa mzee wa Kijaluo, na amepiga majukwaani miaka mingi. Huko Dodoma wanawake wa Kigogo ndio wapigaji wa ngoma za muheme tangu zamani, na mwaka 2024 wanamuziki Pendo na Leah Zawose walitoa albamu yao Maisha wakipiga zana ambazo katika familia yao ziliachiwa wanaume. Mvua imeendelea kunyesha.

Nyimbo za tohara ni za kusherehekea tu

Uongo, na hapa naomba tukae kidogo.

Msimu wa esaro, yaani tohara, huja shule zinapofunga mwishoni mwa mwaka, na kwa koo nyingi za Tarime huja miaka inayogawanyika kwa mbili. Umeuona msafara wake barabarani: kijana katikati, ametoka kwa ngariba, anatembea polepole miguu ikiwa wazi kidogo, macho mbele. Ndugu wamemzunguka na fimbo na mapanga juu, filimbi zinalia, mama zake wakubwa na wadogo wanapiga vigelegele hadi sauti zinakauka. Magari yanasimama. Wimbo unamsifu kwa sababu hakutikisika. Siku hiyo moja, mtoto aliyekuwa akitumwa dukani anaimbwa na ukoo mzima. Asiyeona thamani ya jambo hilo hajui maana ya kutambuliwa na watu wako.

Lakini wimbo uleule una makali upande wa pili. Aliyelia naye ataimbwa, na nduguze wataimbwa. Msichana ambaye hajakeketwa huitwa msagane, na neno hilo limo kwenye nyimbo, kwenye utani, kisimani. Tunapenda kusema kwamba wimbo hueleza hisia iliyomo moyoni. Hapa wimbo ndio unaoitia hisia moyoni: fahari kwa huyu, aibu kwa yule. Wasichana wengi hawakukiendea kisu kwa hiari yao. Walikuwa wanaukimbia wimbo.

Sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998 ilifanya ukeketaji wa msichana aliye chini ya miaka 18 kuwa kosa la jinai. Hata hivyo, utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015–16 ulikuta asilimia 32 ya wanawake wa Mara wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wamekeketwa, wakati kwa nchi nzima ilikuwa asilimia 10. Sheria peke yake hainyamazishi wimbo. Ndiyo maana naona wamepiga penyewe wale wanaoendesha nyumba salama za Masanga na Mugumu. Msimu ukifika hupokea wasichana wanaokimbia, na huko wasichana huimba nyimbo zao, za kukataa kisu, kwa midundo ileile ya nyumbani. Fahari inabaki, vigelegele vinabaki, wimbo unabaki. Kisu kinatoka. Mila hii ya kukata wasichana haina hoja ya kuitetea, na anayedai kwamba ukiiondoa ngoma itakufa hajawasikia wasichana hao wakiimba.

Simu zimeua hadithi na nyimbo za asili

Nusu kweli.

Kweli ni kwamba muda wa jioni umenyang'anywa. Familia inakaa chumba kimoja, kila mmoja na mwanga wake. Lakini hofu hii si ngeni: hata maandishi yalishawahi kudhaniwa yataua simulizi. Badala yake, wazee wa Mara ya kusini walichukua kalamu na kuandika wenyewe historia za watu wao, na mwaka 2003 mwanahistoria Jan Bender Shetler akazichapisha kitabuni. Leo mjukuu anaweza kusoma alichokisema mzee ambaye hakumkuta hai. Tanzania nayo iliridhia mwaka 2011 mkataba wa UNESCO wa kulinda urithi usioshikika, ambao nyimbo na simulizi zimo ndani yake. Mkataba, hata hivyo, haumrekodi mtu. Simu inaweza.

Kwa hiyo, wewe msomaji mwenye bibi, babu au mzee wa jirani anayejua litungu, wimbo wa palizi au hadithi ya fisi: mwendee jioni, si mchana. Mwombe ruhusa kwanza. Bonyeza kitufe cha kurekodi, taja jina lake akikubali, kijiji, na mwaka. Usimkatishe, hata akinyamaza katikati. Akilia, mwache alie. Ukimaliza muulize wimbo huo uliimbwa lini, na nani, na nani hakuruhusiwa kuuimba. Weka nakala sehemu mbili, moja kwako na moja kwa mtoto wake, na ya tatu mpelekee mwalimu wa shule ya msingi iliyo karibu.